Kusoma na kusomeshwa: kinachomsukuma mwanafunzi wa chuo kikuu kujifunza lugha ya kigeni

Kila ninapopokea kundi jipya la wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili hapa Unguja, siku ya kwanza hatufungui kitabu. Tunakaa barazani, kahawa inapitishwa, na kila mmoja anajibu swali moja tu: kwa nini Kiswahili? Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuja wakati wa likizo ya kwao. Kwa miaka mingi niliamini kwamba majibu yale yananionyesha mapema nani atafika mbali na nani ataishia kwenye "mambo" na "poa".

Mwaka mmoja walikaa bega kwa bega vijana wawili. Wa kwanza, Mmarekani, alizungumza kwa dakika tano nzima: anaipenda sauti ya lugha hii, anapenda kusafiri, moyo wake umekuwa ukivutwa na Afrika Mashariki tangu utotoni. Wa pili, binti kutoka China, alitazama chini akasema, "Nilipangiwa." Alama zake za mtihani wa kuingia chuo hazikutosha kumfikisha kwenye fani aliyoitaka, na kwa kuwa kwenye fomu alikubali kuhamishiwa fani nyingine ikibidi, alipewa Kiswahili. Kabla ya siku hiyo hakujua Kiswahili kinasemwa nchi gani.

Nilimwonea huruma. Wiki sita baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwasahihisha wenzake upatanisho wa kisarufi. Alikuwa na daftari alilolipiga mistari kwa penseli, na ukurasa mmoja aliutenga kwa nomino zinazowatesa wageni, zile zinazoanza kwa u- au w- zikageuka sura katika wingi. Uzi, nyuzi. Ubao, mbao. Wembe, nyembe. Pembeni mwa kila neno ameandika alikolipata: fundi cherehani wa Mkunazini, seremala, kinyozi. Kila siku saa kumi jioni, wakati kwao ni saa tatu usiku, alipiga simu nyumbani. Mama yake hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alimtaka binti yake amtamkie sentensi mpya tano, na nyuma ya mama ilisikika sauti ya bibi akicheka kwa furaha. Yule kijana wa kwanza, aliyekipenda Kiswahili kwa moyo mweupe kabisa, aliacha kuja darasani wiki ya nne. Aliniambia kwa unyoofu kwamba raha imekwisha.

Sitaki msomaji aondoke na picha kwamba Wachina ni wavumilivu na Wamarekani ni wepesi wa kuchoka. Nimefundisha Wamarekani waliokesha na vitenzi, na Wachina waliohesabu siku za kurudi kwao. Ila kisa kile kilinivunjia imani niliyokuwa nayo, kwamba apendaye mwenyewe humshinda aliyelazimishwa, na kikanipeleka kwenye maandishi ya watafiti. Nilichokikuta huko ni historia ya swali lililoulizwa mahali pamoja, likajibiwa vizuri pale pale, kisha likasafirishwa duniani kote kana kwamba wanafunzi wote wa dunia ni wa mji ule.

Kabla ya kwenda huko, tutazame maneno yetu wenyewe, maana yanasaidia. Tuna motisha, tuna ari, tuna msukumo. Motisha mtu hupewa. Mwajiri hutoa motisha kwa wafanyakazi na mara nyingi ni pesa. Ari mtu huwa nayo; mwingine anaweza kukutia ari, lakini ikishaingia ni yako. Msukumo unatoka nyuma yako, na ukigeuka utamwona mwenye mkono. Lakini kwangu neno lenye uzito kuliko yote hayo ni kitenzi kusomesha. Tunasema "mjomba ndiye aliyenisomesha", "amewasomesha watoto wa marehemu kaka yake", "nimesomeshwa kwa mihogo ya mama". Ndani ya neno hilo moja yupo anayesoma na yupo aliyemfanya asome. Nadharia nyingi za motisha zimetungwa na watu waliouliza juu ya kusoma. Tofauti za kitamaduni huanza kuonekana unapouliza juu ya kusomeshwa.

Jirani wa Montreal

Uchunguzi wa mambo haya kwa sura tunayoijua leo ulianzia Montreal, Kanada. Mwaka 1959 Robert Gardner na Wallace Lambert walichapisha matokeo ya kuwachunguza wanafunzi 75 wa sekondari, wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Zama hizo watu waliamini kwamba lugha ni kipaji: ama unacho, ama huna. Wao wakaonyesha kwamba pembeni ya kipaji kuna jambo jingine lisilotegemea kipaji, nalo ni jinsi mwanafunzi anavyowaona wasemaji wa lugha ile. Aliyetaka kuwa karibu na Wafaransa wa Kanada, kuwaelewa, hata kufanana nao kidogo, alifanya vizuri kuliko aliyetaka lugha kwa ajili ya kazi tu.

Hapo zikazaliwa aina mbili ambazo hadi leo zinafundishwa vyuoni. Ya kwanza tuiite motisha ya kujiunga: najifunza lugha yenu kwa kuwa nataka kuwa nanyi. Ya pili ni motisha ya manufaa: najifunza kwa kuwa itanipa cheti, ajira au mshahara.

Kwa Montreal picha hiyo ilikaa sawasawa. Mwingereza wa pale akitoka nje ya mlango anamkuta msemaji wa Kifaransa dukani, kwenye basi, kanisani. Lugha ya kigeni ilikuwa lugha ya jirani, na jirani unaweza kumpenda au kumchukia. Ni kama Mtanganyika aliyeoa Pemba: Kipemba atakachokiokota hakitapimwa kwa masomo aliyohudhuria, kitapimwa kwa jinsi anavyopenda kukaa na wakwe zake.

Shida ilianza picha ilipopakiwa kwenye meli. Mwaka 1972 Gardner na Lambert wenyewe walitoa kitabu chenye matokeo kutoka sehemu mbalimbali, na nchini Ufilipino mambo yaligeuka: waliojifunza Kiingereza kwa manufaa ndio waliofanya vizuri. Mwaka huohuo Yasmeen Lukmani akachapisha uchunguzi wake juu ya wasichana wasemaji wa Kimarathi mjini Bombay, mji tunaouita Mumbai leo. Wasichana wale hawakuwa na haja ya kufanana na Waingereza. Walitaka maisha ya kisasa ndani ya India yao, Kiingereza kikiwa nyenzo, na waliokuwa na nia hiyo ya manufaa ndio walioongoza kwa ufasaha.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hatashangaa. Mwanafunzi wa Mlimani anayehangaika na ripoti yake kwa Kiingereza hamfikirii Mwingereza hata kidogo. Anamfikiria msimamizi wake, kisha mwajiri atakayesoma barua yake ya maombi. Kiingereza kimekuwa lugha isiyo na jirani. Wenyewe hawaonekani, na wanaokitumia ni wengi kuliko wenyewe. Utamwambiaje mtu ajiunge na watu asiowaona?

Mtu unayetaka kuwa

Jibu lililokubalika zaidi lilitoka Hungaria. Zoltán Dörnyei na wenzake waliwahoji vijana wa Kihungaria mara tatu, mwaka 1993, 1999 na 2004, zaidi ya 13,000 kwa jumla. Kitu cha ajabu kilijitokeza: hamu ya "kujiunga" ilikuwa na nguvu sana, ilhali ndani ya Hungaria hakuna jamii ya Waingereza ya kujiunga nayo. Basi wanajiunga na nani?

Dörnyei akasema, wanajiunga na mtu wanayejiona watakuwa. Alichukua wazo la wanasaikolojia Hazel Markus na Paula Nurius, waliofafanua mwaka 1986 kwamba kila mmoja wetu hubeba kichwani picha za nafsi zinazowezekana: ninayetamani kuwa, ninayeogopa kuwa, ninayetarajiwa kuwa. Mwaka 2005 akajenga juu yake nadharia yenye nguzo tatu. Kuna nafsi ya ndoto, yaani mimi wa kesho ninayeiongea lugha hii bila kigugumizi. Kuna nafsi ya wajibu, yaani mimi ambaye wazazi, walimu na jamii wanataka niwe, na aibu itakayonipata nisipofika. Na kuna darasa lenyewe: mwalimu, wenzangu, kitabu, ladha ya kila siku ya kujifunza.

Naipenda nadharia hii kwa sababu inaeleza mambo niliyoyaona kwa macho. Martin Lamb alipowahoji wanafunzi wa shule moja huko Jambi, kisiwani Sumatra, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, aligundua kwamba kujiunga na manufaa havitenganishiki tena. Kusafiri, kompyuta, muziki, masomo ya nje, ajira, vyote vilikuwa picha moja: kijana wa Kiindonesia, Mwislamu, mzalendo, anayeongea Kiingereza na kwenda sambamba na dunia. Kule Japani, Tomoko Yashima aliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu na mwaka 2002 akaeleza kitu kinachofanana na hicho, mkao wa kuielekea dunia, bila nchi moja maalumu moyoni.

Nadharia ikapimwa kwa upana mwaka 2009, pale Taguchi, Magid na Papi walipolinganisha Japani, China na Iran, karibu watu 5,000. Muundo ulisimama katika nchi zote tatu, lakini vilivyoilisha ndoto ya mwanafunzi na uzito wa kila kimoja vilitofautiana nchi kwa nchi. Na katika tafiti nyingi zilizofuata, nafsi ya wajibu imeonekana dhaifu ikilinganishwa na nafsi ya ndoto. Wajibu haumfikishi mtu mbali, wakasema wengi.

Lakini basi yule binti wangu wa "nilipangiwa"?

Mama alipochagua

Kuna jaribio moja ambalo halikuhusu lugha za kigeni wala wanafunzi wa chuo, ila bila hilo sidhani kama ningemwelewa. Sheena Iyengar na Mark Lepper walilichapisha mwaka 1999. Walikuwa San Francisco na watoto wa shule ya msingi, nusu wa asili ya Ulaya, nusu wa familia za Kichina na Kijapani. Kazi ilikuwa kupanga herufi zilizovurugwa ziwe maneno. Kundi moja lilichagua lenyewe aina ya mafumbo. Kundi la pili lilichaguliwa mafumbo na mwendesha jaribio. Kundi la tatu liliambiwa, "Mama yako ndiye aliyekuchagulia haya."

Watoto wa asili ya Ulaya walifanya vizuri zaidi walipochagua wenyewe, na kusikia habari za mama kuliwapunguzia nguvu. Watoto wa familia za Kiasia walifanya vizuri kuliko wote walipoambiwa mama ndiye aliyechagua. Walitatua mafumbo mengi zaidi kuliko hata walipojichagulia, na walipopewa nafasi ya kucheza walirudi kwa hiari kwenye mafumbo yaleyale.

Tukae hapo kidogo. Walirudi kwa hiari. Kile ambacho nadharia ingekiita msukumo wa nje kilikuwa kimeshageuka kuwa cha kwao. Hazel Markus, safari hii pamoja na Shinobu Kitayama, walikuwa wameshaeleza sababu mwaka 1991: katika jamii nyingi za Magharibi nafsi huchorwa kama duara lililofungwa, wengine wakiwa nje yake, ilhali katika jamii nyingi za Asia ya Mashariki, na tungeongeza za kwetu, duara la nafsi hupishana na la mama, la baba, la ndugu. Kwa mtu wa duara linalopishana, kauli "nimefanya kwa sababu ya mama" na "nimefanya kwa sababu nataka" hazipingani.

Sasa mtazame mwanafunzi wa chuo kikuu wa China aliyezaliwa chini ya sera ya mtoto mmoja, iliyodumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi mwisho wa 2015. Yeye ni mmoja, nyuma yake wazazi wawili, nyuma yao mababu na mabibi wanne. Watu sita wanamtazama mtu mmoja. Mwongezee mtihani wa kitaifa wa Kiingereza wa vyuo, uliopo tangu 1987, ambao vyuo vingi viliwahi kuufanya sharti la kupata shahada. Watafiti Chen, Warden na Chang walipochunguza wanafunzi wa Taiwan na kuchapisha mwaka 2005, waligundua kwamba motisha ya kujiunga haikuwa na mchango wa maana, ilhali motisha ya kutimiza kinachotakiwa ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Mwandishi wa Montreal angesema wanafunzi hawa hawana ari. Mtu wa huku angesema wanasomeshwa, na wanajua.

Sisemi mzigo huo ni mwepesi. Upo wajibu unaobebwa kwa upendo na upo unaobebwa kwa hofu, na mwanafunzi anayejifunza kwa hofu ya kuaibisha ukoo hukariri, hufaulu, kisha hulisahau somo zima siku ya pili. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba sababu ya nje inaweza kuzama ndani hatua kwa hatua, toka kuogopa adhabu, kupita kuona haya, hadi kukubali kwamba jambo hili lina thamani kwangu. Zile simu za saa kumi jioni ndizo zilizokuwa zikizamisha Kiswahili ndani ya binti yule. Chuo kilimpangia lugha; mama na bibi wakaigeuza kuwa ya nyumbani.

Na yule kijana wa Kimarekani? Nimemfikiria sana, na siku hizi namwonea huruma yeye. Kwao hakuna aliyemtuma. Hakuna mtihani uliokuwa ukimngoja, hakuna mwajiri, hakuna mtu wa familia ambaye angejali kama amejua Kiswahili au hakujua. Alikuwa amekuja na nguzo moja tu, mapenzi yake, na mapenzi ya mtu mmoja yakitikisika katikati ya ngeli hakuna wa kuyashikilia.

Jambo hili huwapata sana wenye Kiingereza. Uingereza ilipoondoa mwaka 2004 sharti la kusoma lugha ya kigeni baada ya umri wa miaka 14, wanafunzi waliacha kwa wingi, na athari ikafika hadi vyuo vikuu. Marekani, kati ya 2016 na 2021, wanafunzi wa vyuo walioandikishwa kusoma lugha zisizo Kiingereza walipungua kwa asilimia 16.6, lakini walioandikishwa kusoma Kikorea waliongezeka kwa asilimia 38.3. Muziki na tamthilia za Seoul zilikuwa zimewapa kitu cha kupenda na watu wa kujiunga nao, hata kama ni kupitia simu. Kumbe ile motisha ya kujiunga ya Montreal haijafa. Imerudi kwa lugha zenye wenyewe wanaoonekana: Kikorea, Kijapani, na kwa wachache wanaokuja barazani kwangu, Kiswahili. Kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili ya tafiti za karibuni za motisha ya kujifunza lugha zimehusu Kiingereza peke yake, ni rahisi kuisahau.

Manufaa ya nani?

Tugeukie kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, mwaka 2005, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2013, na leo kumkuta mwanafunzi wa Kitanzania anayeandika herufi za Kichina si jambo la kushangaza. Niliwahi kusafiri kwenye boti na mmoja wao. Nikamuuliza swali langu la barazani. Akacheka: mjomba wake ana duka Kariakoo, huagiza mizigo Guangzhou, na amechoka kuongeleshwa bei kupitia mtu asiyemjua. "Yeye ndiye anayenisomesha," akasema. "Nikimaliza, yeye haibiwi tena."

Ukimpa kijana huyu dodoso la motisha ataweka tiki kwenye manufaa, na mtafiti atamwandika pamoja na Mjerumani anayejifunza Kichina ili apandishwe cheo. Lakini manufaa ya nani? Mjerumani anahesabu ya kwake. Huyu anahesabu ya mjomba, na wadogo zake watakaofuata kusomeshwa na duka lilelile. Ni namna ya kujiunga, ila anayejiunga naye yuko nyumbani na si ugenini. Sijaona nadharia yenye kisanduku cha hilo.

Wala haina kisanduku cha Kiarabu. Hapa Unguja neno "chuo", kabla ya kuwa chuo kikuu, ni pale mtoto anapopelekwa kusoma Qur'ani. Wapo wanafunzi wa chuo kikuu wanaojitahidi na sarufi ya Kiarabu kwa miaka bila nia ya kuhamia Cairo wala kufanya biashara Dubai. Wanataka kuelewa wanachokisoma katika swala. Jamii wanayotaka kuikaribia ni waumini wa karne kumi na nne, wengi wao wako makaburini, na faida wanayoitarajia haiko katika dunia hii. Ukiwauliza ni motisha gani, watakwambia ni ibada.

Kuna jambo jingine linalohukumiwa vibaya, nalo ni ukimya. Mwalimu mgeni huingia ukumbi wa mihadhara wa Tanzania, anauliza kwa Kiingereza, wanafunzi mia mbili wanatazama meza. Anaandika: hawana motisha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale mia mbili. Mwaka wa kwanza nilisimama kujibu, nikakosea wakati wa kitenzi kimoja, na ukumbi ukaangua kicheko. Nikakaa, na sikusimama tena mpaka mwaka wa tatu. Usiku nilikuwa nasoma kamusi kwa tochi. Ari nilikuwa nayo tele. Na si kukosea peke yake kunakoogopwa. Ukiuongea ung'eng'e vizuri kupita kiasi utaambiwa unajifanya Mzungu, unajitenga na wenzako. Mwanafunzi amebanwa kati ya kuchekwa kwa kukosea na kusemwa kwa kupatia, na njia salama ni kunyamaza. Wajapani wananyamaza pia, kwa sababu zao. Mtu wa nje anaona ukimya mmoja.

Lugha nyingine huja na kumbukumbu. Muulize Mganda wa makamo kwa nini hakujifunza Kiswahili ujanani. Uganda kilikuwa lugha ya kambi za jeshi tangu ukoloni, Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa familia nyingi kikawa sauti ya askari anayegonga mlango usiku. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kijana wa Makerere wa leo anaweza kukitamani kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, na bado shangazi yake akashtuka akikisikia sebuleni. Hakuna hojaji ya tiki na mizani ya moja hadi tano inayofika kwenye mshtuko huo.

Tahadhari juu ya neno utamaduni

Hizo hojaji nazo zina matatizo yake. Mwaka 1995 Chen, Lee na Stevenson walionyesha kwamba wanafunzi wa Japani na Taiwan hupenda kuchagua jibu la katikati ya mizani kuliko wenzao wa Amerika Kaskazini, na Wamarekani hukimbilia ncha. Kwa hiyo ukisoma kwamba Wamarekani "wana motisha zaidi" ya Wajapani, jiulize kwanza kama umepima ari au umepima adabu ya kujibu.

Tena, ndani ya nchi moja kuna nchi nyingi. Lamb huyohuyo aliporudi Indonesia aliwakuta vijana wa mjini na wa vijijini wakitofautiana sana, ingawa dini, bendera na mtaala ni vilevile. Mwanafunzi wa Masaki na mwanafunzi wa Namtumbo wote ni Watanzania.

Na lazima haiko Asia tu. Ufini, nchi inayosifiwa kwa uhuru wa mwanafunzi, kila mhitimu wa chuo kikuu msemaji wa Kifini anapaswa kuonyesha kwamba anakimudu Kiswidi, lugha ya mama ya takriban asilimia tano ya wananchi. Wenyewe wana neno lake la kunung'unika, lenye maana ya "Kiswidi cha lazima". Raia zaidi ya 50,000 walitia saini kutaka sharti la Kiswidi shuleni liondolewe, na bunge likakataa mwaka 2015. Yule Mfini na yule binti wa China wote walilazimishwa. Lazima ya mmoja ilitoka kwenye sheria, haina uso. Lazima ya mwingine ilianza kwenye fomu isiyo na uso vilevile, lakini kila jioni ilipewa uso wa mama.

Kwa sababu hiyo nimebadilisha swali la siku ya kwanza. Siulizi tena kwa nini Kiswahili. Nauliza: nyumbani kwenu nani anasubiri kukusikia ukikiongea? Wengine hawana jibu, nami najua kwamba wao nitawatafutia mtu mapema, mama wa nyumba watakayofikia, au mzee wa bao atakayewauliza kesho yake wamejifunza nini. Mwaka jana alikuja kijana wa chuo kikuu kutoka Muscat, ukoo wake uliondoka Unguja kabla hajazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa salamu tu. Alifikiri kwa muda, kikombe mkononi.

"Bibi yangu," akasema. "Kiarabu anakijua. Lakini akiumwa anaongea Kiswahili, na mimi ndiye ninayelala chumba cha jirani."

Kitabu tulikiacha siku hiyo pia. Tulianza na unaumwa wapi, kichwa kinaniuma, nipe maji, nishike mkono.